Mdogo wangu "ameanguka" mashine ya kupima uongo: korti itamfunga kwa hilo?

Swali: Mdogo wangu ni karani wa ghala hapa Mombasa. Zilipotea Sh640,000 kutoka kwenye sefu ya kampuni. Tajiri akaleta mtu na mashine ya kupima uongo, wafanyakazi 14 wakapimwa, watatu wakaambiwa wameanguka, na yeye ni mmoja wao. Ripoti ikapelekwa kwa DCI (idara ya upelelezi wa jinai), na wiki iliyopita ameshtakiwa kortini, peke yake. Je, korti itaipokea hiyo ripoti? Na sisi tukimtafutia mpimaji wetu, apimwe upya apite, si itamsafisha? (Dada mkubwa, Likoni)

Dada yangu, poleni kwa mtihani huu. Swali la kwanza: ripoti ile haipaswi kumfunga, na sitarajii hakimu aipe uzito ikipingwa ipasavyo. La pili: msitafute mpimaji mwingine. Hizo pesa mtazihitaji kwa dhamana na kwa wakili. Lakini liko la tatu ambalo hukuniuliza, nalo ndilo lililonishughulisha zaidi niliposoma barua yako. Mdogo wako alisema nini alipoambiwa ameanguka? Umeniandikia mengi kuhusu mashine, na hata neno moja hukuandika kuhusu mazungumzo yaliyofuata. Nitafika huko.

Kwanza uijue mashine yenyewe, ambayo wenyewe huiita poligrafu, maana watu huiogopa kuliko inavyostahili. Miaka kadhaa nyuma, kwenye semina ya mawakili, mpimaji mmoja aliomba mtu wa kujitolea, nami kwa kiherehere changu nikapanda jukwaani. Akanifunga mirija miwili ya mpira, mmoja kifuani na mmoja tumboni, ya kufuatilia pumzi. Mkononi akanivika ule mfuko wa kupimia presha, akaujaza upepo mpaka vidole vikaanza kufa ganzi. Kwenye vidole viwili vya mkono wa pili akanibana vibati vidogo vya kupima jasho. Kisha akaniambia nichague namba moja kati ya tatu na nane, niiandike kwenye karatasi, niikunje, halafu kila atakaponitajia namba nijibu "la". Nilichagua sita. Tulipofika sita, mstari wa jasho kwenye skrini ulisimama kama mnazi, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Wakati wa chai nilimfuata nikamuuliza siri yake. Akacheka, akanijibu bila kuficha: mchezo wa namba kazi yake kubwa ni kumwandaa mtu. Ukishaamini kwamba mashine inakuona mpaka tumboni, ndipo mwili wako utakaposhtuka kwenye swali lenyewe. Kwa maneno mengine, mashine hufanya kazi kadiri unavyoiamini. Nikawakumbuka wazee wa Kimijikenda na kiapo cha shoka la moto, ambapo asiye na hatia alisemekana haungui. Hii ya leo ni jamaa yake, ila imevaa suti.

Mpimaji akimaliza maandalizi huuliza maswali ya namna mbili, yakichanganywa. Kuna la tukio: "Je, wewe ndiye uliyechukua pesa kwenye sefu?" Na kuna la kulinganishia, la jumla kiasi kwamba karibu kila mtu hulijibu kwa wasiwasi: "Kabla hujaajiriwa hapa, umewahi kuchukua kitu kisicho chako?" Nadharia ni kwamba mwizi atashtuka zaidi kwenye la sefu, na mwaminifu atashtuka zaidi kwenye lile la jumla. Sasa mfikirie mdogo wako, kijana anayejua kwamba kodi ya nyumba, karo na heshima ya ukoo vyote vimening'inia kwenye swali la sefu. Kwa nini moyo wake usiende mbio hapo, hata kama hajawahi kuiba sindano? Hakuna mshipa wa uongo mwilini. Uko wa hofu, wa hasira na wa aibu, na mashine haivitofautishi.

Simaanishi kwamba mashine ni upuuzi mtupu. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilizipitia tafiti zilizokuwapo, likasema kipimo hiki kinashinda kubahatisha ila kiko mbali sana na ukamilifu. Kisha likapiga hesabu ambayo huwa nawasomea wateja wangu. Chukua wafanyakazi 10,000 wa serikali, kumi kati yao wawe majasusi, na uipe mashine sifa ya uhodari mkubwa tu. Ukitaka iwanase majasusi wanane, itawaangusha pamoja nao watu wapatao 1,600 wasio na kosa, na majasusi wawili watapita. Wala si hadithi ya kubuni. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alipimwa mwaka 1986 na tena 1991, akapita mara zote mbili, huku akiwauzia Warusi siri za nchi yake. Alikamatwa 1994.

Hesabu hiyo hiyo ilete ghalani kwenu. Wamepimwa 14. Tuseme mwizi ni mmoja na yumo, na tuseme, kwa mfano tu, mashine huwaonea waaminifu kwa kiasi cha mmoja katika kila watano. Hapo waaminifu wawili au watatu wataanguka kabla hata hatujamgusa mwizi. Na ninyi mmeambiwa wameanguka watatu. Hapa ndipo barua yako ilipoacha jambo zuri bila kulishika: mdogo wako ameshtakiwa peke yake. Ikiwa upande wa mashtaka unasema mwizi ni mmoja, basi unakiri kwamba mashine imewaonea watu wawili kati ya watatu iliowaangusha. Wakili wenu amuulize mpimaji, akithubutu kupanda kizimbani: hao wawili wengine mmejuaje kwamba iliwakosea, na kwa huyu mmejuaje kwamba haikukosea? Jibu lolote atakalotoa litakuwa ni ushahidi mwingine nje ya mashine, kama mkanda wa kamera, funguo au daftari. Basi walete huo.

Tuje kwa sheria. Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 80, haitaji mashine hii popote. Mlango pekee ambao ripoti inaweza kubisha ni kifungu cha 48, kinachoruhusu maoni ya wataalamu katika mambo ya sayansi, fani, sheria za nje, na utambuzi wa mwandiko na alama za vidole. Lakini mtaalamu huitwa amsaidie hakimu kwa jambo lililo nje ya ujuzi wa kawaida: risasi imetoka bunduki gani, sahihi ni ya nani. Nani anasema kweli na nani anadanganya si jambo la nje. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya hakimu, ndiyo anayolipiwa mshahara. Humsikiliza shahidi, humtazama anavyojibu akihojiwa na upande wa pili, hulinganisha maneno na vielelezo, kisha huamua. Mtu akija na karatasi iliyoandikwa "kipimo kimeonyesha udanganyifu", anaomba kukaa kwenye kiti cha hakimu.

Wenzetu walishapita njia hii zamani. Mwaka 1923, huko Washington, James Frye aliyeshtakiwa kwa mauaji alitaka William Marston aje aeleze kwamba kipimo chake cha presha kimemwona ni mkweli. Korti ya rufaa ikakataa, ikisema jambo la sayansi lipokelewe likishakubalika na wenye fani yake, na hili bado halijafika hapo. (Marston huyu ndiye baadaye aliyemtunga Wonder Woman wa vibonzo, yule mwenye kamba inayomlazimisha mtu kusema kweli. Ndoto haikumtoka.) Mahakama ya Juu ya Kanada ikafunga mlango mwaka 1987 katika kesi ya Béland. Ujerumani, Desemba 1998, mahakama yao kuu ya shirikisho ikaiita njia ya ushahidi isiyofaa kabisa. Wapo wanaokubali: jimbo la New Mexico hupokea kwa masharti, na Japani mahakama ilishaikubali tangu 1968 mtu akiridhia, ingawa polisi wa kule hutegemea zaidi aina nyingine ya kipimo, ile ya kuona kama mtu anatambua jambo ambalo mkosaji pekee ndiye angelijua. Kuanzia hapo siendelei, maana Likoni si New Mexico.

Nchi ninayotaka uiangalie ni India. Sheria yetu ya Ushahidi ni mtoto wa ile ya India ya 1872, ambayo Waingereza waliileta Afrika Mashariki na ikatumika hapa hadi tulipotunga yetu mwaka 1963. Ndiyo maana mahakimu wetu husikiliza majaji wa India wanaposema kuhusu ushahidi, japo hawafungwi nao. Mwaka 2010, katika kesi ya Selvi na Jimbo la Karnataka, Mahakama ya Juu ya India ilisema kumpima mtu kwa mashine hii kwa nguvu ni kumlazimisha ajishuhudie mwenyewe. Ikaenda mbali zaidi: hata aliyeridhia, matokeo yenyewe hayapokelewi kama ushahidi, kwa kuwa mtu hana uwezo wa kuyatawala majibu ambayo mwili wake unayatoa. Kinachoweza kupokelewa ni kitu kilichopatikana baadaye kutokana na maelezo ya aliyeridhia, mathalani mali iliyoibwa ikafukuliwa.

Katiba yetu ya 2010 inasimama pale pale. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, na asilazimishwe kukiri. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kukataa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani, na kinaitaka korti itupe nje ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki, ikiwa kuupokea kutaharibu usawa wa kesi au kuitia haki dosari. Utasikia watu wakisema "mbona DNA inachukuliwa kwa amri?" DNA ina vifungu vyake ndani ya Kanuni ya Adhabu, na mate au damu hayajibu maswali. Poligrafu haina kifungu, na yenyewe bila maswali na majibu si chochote.

Sasa lile la mpimaji wenu. Namwelewa kila mama na kila dada anayelitaka hili, maana mtu mkweli huona kwamba akipimwa ataonekana. Msikilize huyu askari wa jeshi la anga la Marekani, Edward Scheffer, aliyekuwa California mwaka 1992. Alitoa mkojo upimwe kama ametumia dawa za kulevya, na kabla majibu hayajarudi akapimwa na mashine ya jeshi lenyewe, si ya mtu wa kukodi. Mashine ikasema hakuna udanganyifu. Kisha mkojo ukarudi na methamfetamini. Kwenye kesi yake akataka kuileta ile karatasi ya mashine, na kanuni za jeshi zikamkatalia. Akafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1998 majaji wanane dhidi ya mmoja wakasema kanuni hiyo haimnyimi haki yake ya kujitetea, kwa kuwa hakuna makubaliano kwamba kipimo hiki kinaaminika. Kumbuka huyu alipimwa na serikali iliyomshtaki. Wenu atapimwa na mtu mliyemlipa wenyewe. Akipita, kiongozi wa mashtaka atauliza swali moja tu: nani alilipa? Akianguka, mtakuwa mmenunua msumari wa jeneza lenu, na mlango wa kuipinga ile ripoti ya kwanza utakuwa mmeulegeza kwa mikono yenu, maana huwezi kusema mashine haina maana huku umekwenda kuitafuta.

Na msikubali makubaliano ya aina hii: "apimwe tena, akipita tunafuta kesi, akianguka karatasi iingie kortini." Inasikika kama haki. Floyd Fay wa Ohio alikubali hivyo hivyo mwaka 1978, akijua hajaua mtu. Akaanguka, karatasi ikaingia, akahukumiwa kwa mauaji. Alikaa gerezani zaidi ya miaka miwili mpaka waliofanya kitendo wakajulikana. Akiwa ndani aliwafundisha wafungwa wenzake namna ya kuishinda mashine, na wengi wao, wenye hatia kwa maneno yao wenyewe, wakapita.

Turudi kwenye lile la tatu, mazungumzo yanayofuata baada ya kipimo. Katika kazi hii nimeona kwamba makali ya poligrafu yako kwenye kinywa cha mpimaji, pale anapozima mashine, akasogeza kiti karibu, akashusha sauti: "Mashine imeonyesha, lakini mimi naona wewe ni mtu mzuri. Labda hukuchukua zote? Labda uliazima ukakusudia kurudisha?" Kijana aliyechoka, ambaye ameshaambiwa sayansi imemkataa, hutafuta njia ya kutoka chumbani. Mwaka 1973, Connecticut, kijana wa miaka 18, Peter Reilly, alikuta mama yake ameuawa. Alipimwa, akaambiwa mashine inaonyesha ni yeye, na baada ya saa nyingi akaanza kujitilia shaka mwenyewe mpaka akatia saini kwamba ameua. Alihukumiwa, na miaka michache baadaye mashtaka yakafutwa. Alikuwa mkweli, ila aliiamini mashine kuliko kumbukumbu yake.

Kama mdogo wako alisema chochote cha namna hiyo, bado si mwisho. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kukiri kosa, au kukiri jambo lolote linaloelekea kuthibitisha kosa, hakupokelewi dhidi ya mshtakiwa isipokuwa amekiri kortini mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa na sheria, asiye mpelelezi wa kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu ambaye mshukiwa amemchagua. Mpimaji wa kampuni hayumo kwenye orodha hiyo, wala meneja wa rasilimali watu. Lakini kama baada ya kipimo alipelekwa kituoni akatia saini maelezo mengine mbele ya afisa mkubwa, hilo ni jambo jingine kabisa, na wakili lazima alijue kabla ya siku ya kusikizwa, ili aombe kesi ndani ya kesi, yaani kikao cha kuamua kama maelezo yapokelewe, kuonyesha jinsi maelezo yale yalivyopatikana.

Siku yenyewe ya kesi, ripoti inaweza kuingia kwa kuteleza. Meneja atakuwa anatoa ushahidi, ataitoa kwenye faili, aseme "na hii ni ripoti ya mtaalamu." Itawekewa alama ya utambulisho kwanza, na wengi hulala hapo wakidhani bado. Pingamizi litolewe pale pale, kabla haijawa kielelezo na kupewa namba yake: aliyeiandika hayupo, si utaalamu unaotambuliwa na kifungu cha 48, na madhara yake kwa mshtakiwa ni makubwa kuliko faida yake. Vilevile mpelelezi asiachwe aseme "baada ya kipimo tukamshuku," maana ni ripoti ile ile imeingilia dirishani. Baada ya hapo upande wa mashtaka utabaki na kazi yake halisi. Wizi wa mtumishi una kifungo cha hadi miaka saba, na kuuthibitisha pasipo shaka wanahitaji kueleza funguo za sefu zilikuwa kwa nani, nani alihesabu pesa jioni ile na nani alitia saini, kamera ya mlangoni ilionyesha nini, na kama akaunti au M-Pesa yake iliingia pesa asizoweza kuzieleza. Kama hayo wanayo, shida yenu si mashine. Kama hawana, ndiyo maana wameleta mashine.

Kazi yake ni kesi tofauti, na huko mizani ni nyepesi zaidi. Mwajiri anaweza kumwachisha mtu kwa shuku yenye msingi, lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka amweleze sababu na amsikize, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi, kabla ya kuamua. Kama barua ya kufukuzwa imetaja poligrafu kama sababu pekee, ihifadhini vizuri.

Kwa wiki hii, muombeni mwajiri kwa barua nakala ya karatasi ya ridhaa aliyotia saini na orodha ya maswali aliyoulizwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kuomba taarifa zake. Nataka kuona ridhaa hiyo iliandikwaje, na kama kabla yake tajiri alitamka lile la kawaida, kwamba asiyetaka kupimwa ana lake. Kisha mdogo wako akae peke yake na daftari, aandike kila anachokumbuka tangu alipoingia chumbani: saa ngapi, nani alikuwepo, alipewa maji au la, alifunguliwa nyaya lini, aliambiwa nini, akajibu nini, hata kama ni "samahani". Juu ya ukurasa wa kwanza aandike kwamba ni maelezo kwa wakili wake. Akimaliza aupeleke kwa wakili mkononi. Asipige picha, wala asimtumie mtu kwenye WhatsApp, hata wewe.